Nilibadilisha Neno la Choo, Mjomba Akabeba Lawama

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijauomba naomba nikiri jambo ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati moja, wala si daftari langu ninaloandikia siri: mjomba wangu, ambaye ameandika karibu kila bango unaloliona katika mitaa yetu, hajui kusoma.

Tafadhali usicheke, na tafadhali usimdharau, kwa sababu kama ungemwona akifanya kazi ungenyamaza kama tunavyonyamaza sisi. Watu humwita Fundi Mstari kwa kuwa anapiga mstari ulionyooka kama uzi uliovutwa bila kutumia rula, huvuta pumzi, huishikilia, halafu brashi inatembea kutoka upande huu wa ubao mpaka ule bila kutetemeka, ndipo anaiachia pumzi na kusema, "Haya, huyo amelala." Mimi huwa nampa karatasi ya kaki ambayo nimeandika maneno ya mteja kwa herufi kubwa, naye huigeuza miguu juu kichwa chini, na ubao nao huugeuza vivyo hivyo kama unageuzika, kwa sababu anasema herufi zikisimama sawasawa zina kelele, ila zikipinduliwa zinatulia na unayaona maumbo yake tu. Kazi ya kumwandikia karatasi hizo zamani aliifanya mkewe, na alipofariki nikairithi mimi, bila mtu yeyote kunieleza kwa nini mwandishi wa mabango ahitaji mtu wa kumwandikia.

Niligundua siku niliyokosea karatasi, nikampa orodha ya vitu vya dukani badala ya maneno ya kinyozi mmoja, na niliporudi kutoka kuchota maji nikakuta juu ya ubao wa kinyozi pameandikwa SABUNI, CHUM, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, nyekundu zenye kivuli cheusi. Nikasema, "Mjomba, samahani, nimekupa karatasi siyo." Akacheka, akasema, "Ah, macho yangu haya, mwalimu, yananizeekea," lakini hakunitazama. Tangu siku hiyo sote wawili tunasema ni macho.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Mjomba alipata kazi ya kuandika milango ya hospitali mpya, jengo zima la chini, na matroni alimwahidi kwamba akimaliza vizuri atampa na ghorofa ya juu, na mjomba alifurahi kupita kiasi kwa sababu siku hizi wateja wengi wanakimbilia stika zinazochapwa kwa kompyuta, na aliniambia hii huenda ikawa kazi yake kubwa ya mwisho kwa mkono. Matroni akatoa orodha iliyopigwa chapa, kila mlango na maneno yake, na katika orodha hiyo neno TOILET lilikuwepo mara kumi na nne.

Wiki hiyohiyo, mshauri, nilikuwa nimelisoma neno hilo katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya maktaba ya shule, ile ambayo hairuhusiwi kutolewa nje, na lilikuwa limenishangaza mno. Kamusi inasema limetoka kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya kitambaa kidogo, kitambaa kilichotandikwa juu ya meza ya kujipambia, halafu likawa jina la vitu vilivyowekwa juu ya meza hiyo, halafu la shughuli yenyewe ya kujipamba, halafu la chumba cha kujipambia, mpaka mwishoni likafika kule tunakokujua. Nikafungua na kamusi ya Kiswahili nikakuta msala ni mkeka mdogo wa kusalia, na hapohapo msalani ni chooni. Nikafikiri juu ya jambo hili siku nzima. Inaonekana watu wa kila lugha hawapendi kupataja mahali hapo moja kwa moja, wanaazima jina safi, jina linachakaa kwa kutumiwa, wanaazima jingine. Hata sisi tuna neno choo, fupi, la wazi, lakini darasani mtu akinyoosha mkono husema "naomba kwenda toileti," na anayesema choo anachekwa.

Halafu, na hapa ndipo nilipoharibu, nikakuta kitabu cha zamani cha adabu za Kiingereza, na ndani yake mwandishi anasema kwamba watu wa tabaka la juu hawasemi TOILET, wanaliona neno la watu wa kawaida, wao husema LAVATORY. Nikatazama orodha ya matroni. Nikafikiri juu ya mkono wa mjomba. Nikaona V na A zitakavyoegemeana, na R itakavyonyoosha mguu, na Y ya mwisho. Nikaandika LAVATORY kwenye karatasi ya kaki, na sikumwambia mtu. Ningependa kukwambia nilifanya hivyo kwa ajili ya mjomba tu, lakini si kweli. Nilitaka madaktari wapite pale waseme, nyumbani kwa fundi huyu kuna mtu aliyesoma.

Mjomba akapaka milango yote kumi na minne. Zilikuwa herufi za buluu iliyoiva, nzuri mpaka mafundi umeme walikuwa wakisimama kuzitazama.

Jumatatu hospitali ikafunguliwa. Jumanne nilipotoka shule nilimpelekea chakula mjomba, aliyekuwa bado anamalizia milango ya mwisho, na kwenye ukumbi nikamkuta babu mmoja mwenye bandeji mguuni amesimama amejishika ukutani, suruali yake imelowa mpaka chini, na nesi anamfunga shuka kiunoni upesi upesi watu wasione. Yule babu alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Nimepita milango mitatu, mwanangu. Kusoma najua. Nilidhani ni ofisi za madaktari. Nikaogopa kugonga."

Nesi akamwita matroni. Matroni akatazama mlango, akatazama wa pili, akamwita mjomba mbele ya watu.

"Fundi, orodha yangu ilisemaje?"

Mjomba akavua kofia.

"Niliandika TOILET. Neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Hiki ulichopaka ni nini? Ulisoma orodha au hukuisoma?"

"Kosa ni la fundi, mama matroni. Nipe mpaka mwisho wa mwezi, nitarudia yote."

"Kurudia utarudia. Ila ile ghorofa ya juu sasa nitafikiria. Wale vijana wa stika wangekosea wangebandua."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na bakuli la chakula mkononi, nimekauka kama gogo. Tukarudi nyumbani, na njiani mjomba alizungumzia mawingu. Jioni nikamwandikia karatasi mpya yenye neno sahihi, nikampa, akaikunja akaitia mfukoni. Anadhani nilikosea kunakili. Hajui kwamba nilifanya makusudi.

Sasa, mshauri, nimekwama huku na huku. Nikinyamaza, mjomba anapoteza ghorofa ya juu na jina lake kwa kosa langu. Nikienda kusema ukweli kwa matroni, kitu cha kwanza atakachouliza ni kwa nini fundi hakuilinganisha karatasi yangu na orodha yake, na hapo siri ambayo mjomba ameitunza maisha yake yote itamwagika kwa mdomo wangu mimi ambaye ananiita mwalimu. Silali vizuri, chakula hakipandi, na kila nikiingia maktaba ile kamusi naiona kama inanisuta. Nimekuandikia wewe wa gazetini na si wale wa redioni kwa sababu redio mjomba anaisikiliza kutwa nzima, ila gazeti yeye hulitandika chini rangi isidondokee sakafu. Naomba unijibu kwanza kwa siri kupitia anwani ya shule. Nifanye nini?

Wako mtiifu,
Msichana wa Maktaba

* * *

Mwanangu wa Maktaba,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na hasira na wewe, mara ya pili nikitamani kumwona huyo mjomba akipiga mstari. Basi nitakusema kwanza, halafu nitakusaidia.

Wewe umeaminiwa na mtu asiyeweza kukukagua. Hebu likae hilo kichwani. Mteja akimpa fundi cherehani kitambaa, anaweza kupima. Mjomba wako akipewa karatasi na wewe, hana kipimo, ana wewe tu. Uaminifu wa namna hiyo haupatikani dukani, na wewe ukautumia kujionyesha. Umekiri mwenyewe, na kwa kukiri huko nakuheshimu, lakini sikupunguzii.

La pili. Umelisoma neno hilo mpaka mizizi yake, umenifundisha hata mimi, sikujua habari ya kitambaa cha mezani. Ila umelisoma lilikotoka, hukusoma linakofanya kazi. Neno la mlangoni pale hospitali lina kazi moja: kumfikisha mtu. Mgonjwa akibanwa haulizi tabaka la juu wanasemaje, anatafuta mlango. Hao wa tabaka la juu wa kitabu chako wakibanwa nao hukimbia kama sisi. Neno zuri pale ni lile ambalo mtu mwenye homa, mwenye haraka, aliyetoka mbali, analitambua kabla hajalisoma. Kuhusu wenzako wanaomcheka anayesema choo, waambie mshauri wa gazeti amesema choo ni neno zima, halina kidonda.

Sasa hofu yako. Unadhani kuna njia mbili tu, kunyamaza au kumwaga siri ya mtu. Umechanganya siri mbili, mwanangu. Moja ni yako: kwamba ulibadilisha neno kwa makusudi. Hiyo itoe leo. Nyingine ni ya mjomba: kwamba hasomi. Hiyo si mali yako hata kidogo, huwezi kuitoa na huna haki ya kuitolea hesabu. Matroni akikuuliza kwa nini fundi hakulinganisha, jibu lako ni fupi: "Hilo naomba umuulize mwenyewe." Si uongo, si usaliti.

Lakini usianzie kwa matroni. Anzia nyumbani. Mjomba wako alivua kofia mbele za watu kwa ajili yako, naye hajui alichokifunika. Mwambie. Usimwandikie, maana barua kwake ni ukuta. Kaa chini umwambie kwa mdomo, neno ulilobadilisha na sababu yake, pamoja na ile ya madaktari wapite waseme. Hiyo ndiyo itakayokuuma, na ndiyo anayostahili kuisikia. Usimpe ushauri wa madarasa ya watu wazima siku hiyohiyo. Utakuwa umekwenda kuomba radhi, si kumfundisha.

Kisha muulize kama unaweza kwenda kwa matroni. Akikataa, nenda hata hivyo kwa kosa lako peke yake, maana jina lililochafuka ni lake. Kisha mtafute yule babu. Wewe umeandika mengi juu ya mjomba na juu yako, lakini aliyelowa mbele za watu ni yeye. Usisubiri ujasiri uje. Nenda bila huo.

Mshauri wako

* * *

Wasomaji, jibu hilo nilimtumia binti huyu kwa faragha, kwa kuwa siri haikuwa yake peke yake. Wiki tatu baadaye nilipata barua ifuatayo, na pamoja nayo ruhusa ya mjomba mwenyewe ya kuchapisha zote.

* * *

Mpendwa mshauri,

Nilipokea jibu lako Jumatano, nikalisoma nyuma ya maktaba, nikalia kidogo pale uliposema sina haki. Jioni nikamkuta mjomba anaosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa. Nikamwambia yote bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitaacha.

Akaendelea kuosha brashi. Halafu akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba si lile. Mwalimu, lile neno la choo nimelipaka kabla mama yako hajaolewa. Shuleni, stendi, hotelini. Nalijua kama ninavyomjua jirani akipita, siulizi jina. Lina kijiti chenye kofia, lina duara, linaishia na kijiti chenye kofia tena. Uliponiletea lile refu, mlango wa kwanza tu nikajua huyu ni mgeni."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

Akaikung'uta brashi. Kisha akasema kwamba amejizoeza kutouliza. Kwamba mtu wa aina yake akiuliza swali moja, la pili huja lenyewe, na la tatu ni aibu, kwa hiyo miaka ishirini na saba amepaka alichopewa na kunyamaza. "Nikasema pengine huko kwenye vitabu wamelibadilisha. Wewe ndiye unayejua." Halafu akanitazama, mshauri, safari hii alinitazama, akasema, "Kosa lako nimelisikia. Na mimi nina langu. Yule mzee tumemlowesha wawili."

Nikachukua brashi nyingine nikaanza kuiosha.

Alhamisi baada ya vipindi nikaenda kwa matroni na sare yangu ya shule. Mjomba alisema nitangulie, lakini nilipofika mlangoni nikakuta amenifuata, amesimama nyuma yangu na kofia mkononi. Nikamweleza matroni kwamba karatasi niliandika mimi, neno nilibadilisha mimi, kwa makusudi, na sababu nikaitaja. Matroni akaniuliza nina umri gani, nikamjibu miaka kumi na sita. Akasema, "Una bahati wewe si binti yangu." Halafu akauliza lile swali, kama nilivyojua atauliza: "Na fundi orodha alikuwa nayo. Kwa nini hakulinganisha?"

Nikasema, "Hilo naomba umuulize mwenyewe."

Mjomba akasema, "Mama matroni, mimi sisomi. Napaka."

Matroni alikuwa ameshika kalamu, akaiweka chini. Akatoka ofisini, nasi tukamfuata, tukidhani anatufukuza. Akasimama mbele ya mlango wa maabara, akaupitisha mkono juu ya herufi bila kuzigusa, akaenda wa famasi, akaenda wa meno. Akasema, "Zote hizi?"

"Zote."

"Kwa macho tu?"

"Kwa macho na mkono."

Matroni akatikisa kichwa. "Mimi mwandiko wangu hausomeki hata na mimi mwenyewe," akasema, na nesi aliyekuwa akipita akacheka akajifanya anakohoa. Kisha akarudia ukali wake. Milango kumi na minne irudiwe, TOILET juu na CHOO chini yake kwa ukubwa uleule. Ghorofa ya juu atampa, lakini orodha atamsomea yeye mwenyewe, mlango kwa mlango, na fundi asipoelewa aulize. "Ukikaa kimya tena, Fundi Mstari, naita stika. Tumeelewana?" Mjomba akasema wameelewana.

Kutoka hapo nikaenda wodi ya wanaume. Yule babu alikuwa amekaa kitandani. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika lile neno, nikamwomba radhi. Akasema, "Lilikuwa na maana gani?" Nikamweleza, na kwa kuwa hakunizuia nikamweleza na habari ya kitambaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mambo mazuri hayo. Lakini mimi nilikuwa na haraka." Kisha akasema amenisamehe, akaniomba nimsogezee gongo lake, nikamsogezea, na nikamsindikiza mpaka mlango aliokuwa anautaka, nikamsubiri nje.

Jumamosi nilikwenda hospitali na mjomba tangu asubuhi. Mimi nilisugua milango kwa msasa na kupaka rangi ya chini, yeye akafuata nyuma na herufi, na kila mlango ulipokauka watu walikuwa wakisimama kumtazama anavyovuta pumzi. Kwenye mlango wa saba palikuwa na karatasi imebandikwa pembeni, imeandikwa kwa mkono. Mjomba akaitazama, akateremka kwenye ngazi, akaja nilipokuwa.

"Mwalimu," akasema, "pale wameandikaje?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikaweka msasa chini, nikaenda naye mpaka pale, nikamsomea: mlango huu unapakwa rangi, tafadhali tumia ule wa pili.